Kusi, Deni na Samaki Aliye Baharini

Kusi huanza kuvuma Aprili, likashika nguvu kati ya Juni na Agosti, likatulia Oktoba. Bahari iliyokuwa na joto la nyuzi 29 mwezi wa Machi hupoa hadi kukaribia 25. Mawimbi hupasuka mwambani, na mtumbwi hauthubutu kuvuka nje. Kuanzia Vanga hadi Lamu wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba wakitafuta tafi na pono, na wengine hushinda pwani wakitengeneza nyavu.

Chungu hakingoji kaskazi. Ndipo mvuvi anapomwendea tajiri wa samaki, akapewa fedha za unga na karo kwa sharti kwamba kila atakachovua amuuzie yeye peke yake, tena kwa bei iliyo chini ya soko. Mama karanga anayengoja ufuoni hukuta samaki wana mwenyewe kabla hawajaingia wavuni.

Twapenda lisemwe wazi. Samaki aliye baharini hauziki, kwa kuwa haijulikani kama atapatikana, wala uzito wake. Hiyo ndiyo gharar waliyoikataza wanavyuoni wa fikihi. Na mkopo wenye sharti la kumpunguzia mkopeshaji bei ni riba, hata kama neno hilo halikutajwa. Wengi hudhani riba hukaa benki tu.

Njia za halali zipo. Ya kwanza ni kardhi hasan: zikopwe shilingi 5,000, zirejeshwe 5,000, na mvuvi auze apendapo. Ya pili ni salam: bei hulipwa yote papo hapo, na aina ya samaki, uzito na siku ya kukabidhi huandikwa, siku yenyewe ikiwa ya msimu ambao samaki huyo hupatikana sokoni. Wavu ukitoka mtupu, mvuvi hununua kwingine akatimiza ahadi. Ni mzigo, kwa hiyo asiuchukue katikati ya Julai.

Sisi twaona kardhi ndiyo inayofaa zaidi nyumba zetu, na vyama vya akina mama vyaweza kuitoa. Akina mama 20 wakiweka shilingi 100 kila wiki tangu kaskazi kurejea Novemba, baada ya wiki 25 watakuwa na shilingi 50,000 kabla kusi halijakaza, na tajiri itambidi asimame ufuoni kungoja zamu pamoja na mama karanga.