Simu ya nyumbani Garissa: mpango gani unakufaa, na uulipie vipi?

Kuna nyumba nyingi Garissa zenye simu moja isiyo ya mtu. Mara nyingi ni kabambe iliyowekwa juu ya kabati, na yeyote aliyebaki nyumbani ndiye anayeipokea: mama, ayeeyo, au mtoto aliyetoka duksi. Mtu aliye Eastleigh, Dubai au Minneapolis akitaka kujua kama watu ni wazima, anapigia hiyo. Swali tunalolipata ni moja: simu kama hii tuilipie vipi? Tuchukue ruta ya kulipia kila mwezi, au tuendelee na bando ya siku?

Ushauri wetu ni kwamba usianze na mabango ya kampuni za simu. Anza na taarifa yako ya pesa ya simu ya miezi mitatu iliyopita. Bei za mipango hubadilika kila mara, lakini matumizi ya nyumba yako yameandikwa hapo shilingi kwa shilingi.

Simu ya mezani ilienda wapi?

Wazee wanakumbuka nambari za 046, ile kodi ya Garissa, Wajir na Mandera. Wakati huo simu ilikuwa ya shirika la serikali la posta na simu, ambalo liligawanywa mwaka 1999 na sehemu ya simu ikawa Telkom Kenya. Nyaya za shaba ziliibwa sehemu nyingi za nchi, kisha zikaja simu za mezani zisizo na waya, na mwishowe simu ya mkononi ikachukua nafasi yote. Kwa hiyo leo ukisema unataka simu ya nyumbani, unachagua kati ya vitu vitatu: laini ya kawaida kwenye kabambe, ruta ya waifai inayotumia laini, au faiba kama imefika mtaa wako. Starlink nayo ipo Kenya tangu Julai 2023, lakini hiyo inataka ununue vifaa kwanza na uwe na stima ya kutegemewa.

Kuhusu faiba, tusikudanganye. Kebo imefika Garissa mjini, lakini kufika mjini si kufika kwako. Uliza kwa jina la bulla yako, na uambiwe kama kuna nyumba jirani iliyounganishwa tayari. Ukiambiwa "inakuja hivi karibuni", usilipe kitu.

Piga hesabu na taarifa yako mkononi

Kwenye menyu yetu chagua akaunti yako, kisha taarifa, kisha miezi mitatu. Weka alama kwenye kila kredo, kila bando na kila mkopo wa kredo. Watu wengi huwa hawaihesabu hii mikopo. Okoa Jahazi, kwa mfano, ina ada ya asilimia 10. Ukikopa kredo ya 100 mara 8 kwa mwezi, 80 imeenda bila dakika hata moja.

Tuseme nyumba ina simu mbili zinazonunua bando ya bob 50 kila siku. Hiyo ni 3,000 kwa mwezi. Ongeza kredo ya kupiga ya bob 20 kwa siku, yaani 600, na ile ada ya 80. Jumla ni 3,680. Mtu akiona tangazo la ruta ya 3,000 atasema ameokoa pesa. Ngoja kwanza. Ruta inakaa nyumbani. Haiendi Soko Mugdi, haiingii kwenye matatu, haifiki soko la mifugo. Kama bando za 1,400 kati ya zile zilitumika nje ya nyumba, utazinunua bado. Na kupiga simu ya kawaida bado kunataka 600 zako. Sasa unalipa 3,000 na 1,400 na 600, jumla 5,000. Umeongeza 1,320 kila mwezi na hukujua.

Lakini nyumba yenye simu nne zinazoshinda ndani, kila moja na bando ya 50, inatumia 6,000 kwa mwezi. Hapo ruta inaleta maana hata kabla hujamaliza kuhesabu, hasa kama kuna wanafunzi wa chuo au mtu anayefanya kazi ya mtandaoni. Uliza tu kiwango cha matumizi, kwa sababu mipango mingi inayoitwa isiyo na kikomo hupunguza kasi ukifika GB fulani. Video ndiyo inayokula. Kuongea kwa WhatsApp bila video ni kitu kidogo sana ukilinganisha.

Halafu kuna nyumba ambayo haihitaji mpango wowote, na hakuna kampuni itakayokuambia hivyo. Kama simu ya nyumbani kazi yake ni kupokea tu, basi kumbuka kupokea ni bure Kenya. Weka kredo kidogo au bando isiyo na muda wa kuisha, itumie mara moja moja ili laini isifungwe, basi. Laini ikikaa kimya muda mrefu, mtoa huduma anaweza kuifunga na nambari akapewa mtu mwingine. Ayeeyo akipoteza nambari ambayo jamaa wote wa nje wanaijua, hiyo hasara ni kubwa kuliko bando yoyote.

Mshahara wa mwezi na pesa ya mbuzi

Mwalimu anayelipwa mwisho wa mwezi anaweza kubeba mpango wa mwezi. Anayeuza mbuzi hupata pesa kwa vipindi, na mwezi wa kiangazi unaweza kupita bila mauzo. Huyu achukue mpango wa kulipia kabla, ule unaozimika tu pesa ikiisha, wala si ule unaoendelea kuhesabu deni. Pia zima kujirudia kwa bando kwenye laini ya nyumbani. Bando inayojinunua yenyewe humaliza kredo wakati hakuna mtu anayeitumia.

Mtandao wenyewe je? Ukiwa Garissa mjini, una nafasi ya kuchagua. Ukiwa Hulugho, Balambala, Dadaab au upande wa Elwak na Takaba, chagua mtandao ulio na mnara unaoonekana, si ulio na tangazo zuri. Minara ya kaskazini mashariki imeshambuliwa na Al-Shabaab mara kadhaa, na mnara ukianguka eneo zima hukaa kimya. Ndiyo maana hatupendi kuona mtu wa maeneo ya mpakani akilipia miezi sita au mwaka mzima mbele, hata akipewa punguzo. Lipa mwezi mmoja mmoja. Na kama simu zenu zote ziko mtandao mmoja, laini ya nyumbani iwe ya mtandao mwingine.

Uliza pia fundi anatoka wapi. Barabara ya Nairobi ilikatika kwa maji karibu na Madogo wakati wa mafuriko ya 2023 na 2024. Ruta ikiharibika na fundi yuko Nairobi, utalipia mwezi ambao hukutumia.

Ukiamua, lipa hivi

Kununua kredo moja kwa moja kutoka kwa pesa ya simu hakuna ada. Kutoa pesa kwa wakala ili ukanunue vocha dukani kuna ada, na bado tunaona watu wakifanya hivyo kila siku. Kulipa kwa Paybill kunaweza kuwa na ada kulingana na biashara, kwa hiyo iongeze kwenye hesabu yako. Muuzaji akikutajia bei, muulize kama ushuru uko ndani: kuna VAT ya asilimia 16 na ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu na intaneti.

Ukilipa, andika nambari ya akaunti polepole na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Pesa iliyoingia akaunti ya mteja mwingine wa kampuni hiyo hiyo hairudi haraka. Ada ya kuunganisha hulipwa kwa Paybill au Till ya kampuni. Fundi akisema "nitumie kwa nambari yangu, nitakulipia", mwambie asante, ufunge mlango.

Kama ndugu yako wa Nairobi ndiye anayegharamia, mpe nambari ya Paybill na ya akaunti alipe moja kwa moja. Akikutumia wewe kwanza halafu wewe ulipe, huenda mkakatwa ada mara mbili. Mwombe akufowadie ujumbe wa malipo, uuhifadhi.

Laini ya nyumbani isiwe pochi

Hapa ndipo tunapokuomba usikilize zaidi. Simu inayoshikwa na kila mtu, hata jirani aliyekuja kuchaji, isiwe na akaunti ya pesa. Kama tayari iko, toa salio na ubadilishe PIN ijulikane na mtu mmoja tu. Matapeli wanapenda simu za nyumbani kwa sababu anayepokea mara nyingi ni mzee au mtoto: "pesa imeingia kwenu kwa makosa, irudishe". Waambie wote nyumbani kwamba simu hiyo hairudishi pesa, kwa sababu haina pesa.

Usichukue pia laini yako ya pesa ukaiweka kwenye ruta. Ujumbe wa kuthibitisha malipo utaingia ndani ya ruta na hutauona.

Na kama unahama mtandao, sheria inakuruhusu kuhama na nambari yako tangu 2011. Nambari huhama, lakini pochi haihami nayo. Maliza mikopo, toa salio lote, na uwaambie wanaokutumia pesa kabla ya siku ya kuhama, ukianza na yule wa nje ambaye jina lako limehifadhiwa kwenye programu yake ya kutuma. Mtoa huduma akikusumbua na hamuelewani, mwandikie yeye kwanza na uweke nakala. Hilo likishindikana, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ukiambatisha zile taarifa za malipo za miezi mitatu.