Uzamifu wa baiolojia: Tafuta swali kabla ya kutafuta chuo

Mkulima wa Kosele, Rachuonyo Kusini, hahitaji mhadhiri wa kumweleza kayongo ni nini. Magugu hayo yenye maua ya zambarau hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyafyonza hadi yakanyauka. Lakini kwa nini mbegu ya kayongo hulala udongoni hata zaidi ya miaka kumi, kisha ikaamka pale tu mzizi wa mahindi unapoikaribia? Hilo ni swali la mwanabaiolojia, na wapo watu waliotunukiwa shahada ya uzamifu, yaani PhD, kwa kujibu sehemu yake ndogo tu.

Miongoni mwa vijana wa Homa Bay na Migori waliofuzu kwa shahada ya kwanza ya baiolojia au ya ualimu wa sayansi, wapo wanaotamani kufika kiwango hicho wasijue mlango uko wapi. Wengi huanza kwa kuuliza: ni chuo kipi kitanikubali? Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupokewa kwa alama za mtihani wa KCSE. Mwanafunzi wa uzamifu hupokewa kwa sababu kuna jambo analotaka kuligundua, na kuna mtaalamu aliye tayari kumsimamia kwa miaka kadhaa hadi aligundue.

Kulipunguza swali

Kosa la kawaida katika mapendekezo ya utafiti ni upana. Anayeandika kwamba atachunguza "tatizo la kayongo Afrika Mashariki" ametaja kazi ya taasisi nzima. Anayeuliza iwapo aina za mtama wa kienyeji zinazopandwa Rachuonyo zinatofautiana kwa kiasi cha kemikali inayoziamsha mbegu za kayongo, na iwapo tofauti hiyo huonekana katika mavuno, amepata kazi ya mtu mmoja. Swali lake lina kipimo, lina mahali na lina mwisho.

Wala si lazima maswali ya aina hiyo yatoke ng'ambo. Mjini Mbita, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay, ndiko lilikoshamiri tangu miaka ya 1990 mbinu ya kilimo ya vuta-sukuma, iliyobuniwa na Profesa Zeyaur Khan na wenzake wa shirika la utafiti wa wadudu la icipe, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Mmea wa desmodiamu unaopandwa kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, nayo nyasi ya mabingobingo pembezoni mwa shamba huwavuta. Wakati wa utafiti huo iligunduliwa kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo na papo hapo kuizuia isijishikize kwenye mahindi. Mbegu huota, ikakosa chakula, ikafa.

Kituo cha Mbita kimepewa jina la Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyezaliwa mwaka wa 1931, akasomea Makerere na Cambridge, kisha akaanzisha icipe mwaka wa 1970. Tangu mwaka wa 1983 shirika hilo limekuwa na mpango wa uzamifu uitwao ARPPIS, ambao mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu cha Afrika huku akifanya utafiti katika maabara na mashamba ya icipe. Kwa kijana wa Kosele, mlango mmoja wa uzamifu uko katika kaunti yake mwenyewe.

Ujuzi wa mikono

Baada ya swali, wasimamizi hutafuta ushahidi kwamba mwombaji anaweza kazi. Maisha ya marehemu Profesa Wangari Maathai yanalieleza jambo hili vyema. Alipata shahada ya kwanza ya baiolojia Kansas, Marekani, mwaka wa 1964, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966. Aliporejea Nairobi alikuta kazi aliyoahidiwa amepewa mtu mwingine. Kilichomwokoa ni ujuzi wa kutayarisha tishu za wanyama na kuzichunguza kwa darubini, ambao Profesa Reinhold Hofmann kutoka Ujerumani aliuhitaji katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kutunukiwa PhD.

Kwa hivyo, aliye na miaka miwili mbele yake aitumie kujipatia ujuzi unaoonekana. Anaweza kujitolea katika maabara, kukusanya data shambani au kujifunza takwimu kwa programu ya R, ambayo hupatikana bila malipo. Vilevile ajitahidi kuchapisha makala moja kutokana na tasnifu yake ya uzamili. Hapa tahadhari inahitajika, kwani yapo majarida laghai yanayochapisha lolote mradi mwandishi alipe, na wasimamizi huyatambua kwa haraka.

Njia tatu

Kenya, mwombaji hutakiwa awe na shahada ya uzamili na pendekezo la utafiti, na muda wa masomo kwa kawaida hauwi chini ya miaka mitatu. Vyuo vya karibu kama Maseno, Kisii na Jaramogi Oginga Odinga humwezesha mtafiti kubaki karibu na shamba lake la utafiti. Tatizo ni kwamba kupokewa si kufadhiliwa. Aghalabu mwanafunzi hujitafutia karo mwenyewe.

Uingereza na Ujerumani, nafasi nyingi za baiolojia hutangazwa kama miradi iliyo tayari kupata fedha, na mwombaji hushindania mradi mahususi. Kazi huchukua miaka mitatu au minne. Ujerumani kwa kawaida hudai uzamili kwanza. Shirika lake la DAAD hufadhili pia masomo ndani ya Afrika, nazo nafasi za Jumuiya ya Madola hupeleka Wakenya Uingereza.

Marekani ina utaratibu tofauti. Mwenye shahada ya kwanza pekee anaweza kuingia uzamifu moja kwa moja. Masomo huchukua miaka mitano au sita, na katika mwaka wa kwanza mwanafunzi wa idara nyingi huzunguka katika maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Idara nyingi za baiolojia hulipa karo na kumpa mwanafunzi posho. Tangu mwaka wa 2018 hivi, nyingi kati yake zimeacha kudai mtihani wa GRE. Hata hivyo, mwaka wa 2025 vyuo kadhaa vya huko vilipunguza idadi ya wanafunzi wapya baada ya fedha za utafiti za serikali kukatwa. Asiweke mtu matumaini yote katika nchi moja.

Barua, stakabadhi na wakati

Idara nyingi za Marekani hufunga maombi mwezi Desemba kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Anayeanza kujitayarisha Novemba amechelewa. Miezi 18 kabla ya kuanza masomo, soma makala za watafiti watano au sita wanaoshughulikia swali lako. Kisha mwandikie kila mmoja barua pepe yake: nani wewe, umesoma nini katika kazi yake, unataka kuuliza nini, na je, anapokea wanafunzi? Aya tatu zatosha. Barua moja inayotumwa kwa maprofesa 40 hujulikana kwa salamu yake tu, nayo haijibiwi.

Barua za mapendekezo huwa tatu kwa kawaida. Mhadhiri aliyekuona ukifanya kazi maabarani ana uzito kuliko mwenye cheo kikubwa asiyekukumbuka. Mpe wasifu wako, pendekezo lako na tarehe ya mwisho angalau wiki sita mapema, kisha umkumbushe kwa adabu.

Hakikisha pia kwamba majina yako katika cheti cha KCSE, kitambulisho na pasipoti yanalingana. Herufi moja iliyopotea inaweza kuchelewesha viza kwa miezi. Na kwa anayetegemea saiba ya Oyugis, siku ya mwisho si siku ya kutuma maombi: stima ikipotea, chuo hakitamsubiri.

Utafiti wenyewe nao una vibali vyake. Anayefanya utafiti Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, na kazi inayohusu binadamu hupitia kamati ya maadili. Wanaochukua sampuli za mimea au wadudu kwa uchunguzi wa jeni hufuata pia kanuni za NEMA za mwaka wa 2006. Ratiba isiyotenga muda wa vibali humwonyesha msimamizi kwamba mwombaji hajaijua kazi.

Nani atalipa?

Hili ndilo swali zito zaidi nyumbani. Kifungua mimba aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi hutarajiwa awalipie karo wadogo zake, na miaka mitano ya posho si mshahara. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC aulizie likizo ya masomo kabla ya kuacha kazi. Kila mwombaji naye asome barua ya udahili kwa makini: je, inataja karo, posho, bima ya afya na idadi ya miaka? Ada za maombi nazo hupanda haraka, lakini vyuo vingi vya Marekani huziondoa kwa anayeomba kwa maandishi. Ajihadhari na wakala anayedai pesa ili "kuhakikisha" nafasi, kwani hakuna idara ya heshima inayouza uzamifu kwa njia hiyo.

Ni haki pia kusema wazi kwamba PhD haimpi mtu kazi papo hapo. Nchini humu wapo wenye shahada hiyo wanaofundisha kwa mikataba ya muda katika vyuo vikuu na kusubiri malipo kwa miezi. Ndiyo maana inafaa kuchagua swali ambalo jibu lake lina mtumiaji nje ya chuo, awe mkulima, hospitali au mvuvi wa Ziwa Victoria. Mtafiti wa namna hiyo ana zaidi ya mlango mmoja wa kubisha.

Kazi ya kwanza haigharimu ada yoyote. Andika ukurasa mmoja: jambo gani huelewi, wengine wamesema nini kulihusu, na wewe utalipima vipi. Mpelekee mwalimu wako wa zamani akusahihishe. Akirudisha ukurasa umejaa wino mwekundu, uandike upya, kwa maana ukurasa huo ndio utakaokuwa mwanzo wa kila ombi utakalotuma.