Bega linauma: ni ulozi ao ni kazi?

Huku kwetu Kolwezi, Likasi na Kipushi, mutu akikosa usingizi siku tatu juu ya maumivu ya bega, watu wa nyumba wanaanza kunong'ona: "Nani amemuloga?" Mara nyingi jina linalotajwa ni la bibi muzee asiye na mutu wa kumutetea. Leo tutafute jibu kwa waogeleaji. Utauliza: sisi watu wa mugodi tuna shauri gani na waogeleaji? Fuata polepole, utaona.

BEGA LIMEUMBWA NAMNA GANI?

Kiungo cha bega kiko kama mupira juu ya kisahani. Kichwa cha mufupa wa mukono ni kikubwa, kisahani ni kidogo, tena hakina shimo refu. Ndiyo sababu mukono unazunguka pande zote kupita kiungo kingine cha mwili. Lakini uhuru ule una bei yake: mifupa peke yake haiwezi kushikilia mupira usitoke. Kazi hiyo inafanywa na misuli ine midogo inayozunguka kichwa cha mufupa na kukivuta kikae katikati. Kano la mumoja wao linapita katika njia nyembamba, chini ya mufupa ulio kama paa la bega. Hapo ndipo shida nyingi zinaanzia.

WAOGELEAJI WANAUMIA JUU YA NINI?

Mwaka wa 1974 waganga wawili wa Kanada, Kennedy na Hawkins, waliandika juu ya maumivu haya na kuyaita "bega la muogeleaji". Hebu tupige hesabu. Muogeleaji wa mashindano anaweza kuogelea kilometa 10 kwa siku. Katika pisini ya metre 25, ni kuivuka mara 400. Kila mukono ukivuta maji mara 8 tu katika kila safari, ni mara 3.200 kwa siku moja! Kumbe sababu ziko wazi:

1. Kuchoka. Misuli midogo ikichoka, kichwa cha mufupa hakikai tena katikati. Kinapanda juu, na kano linabanwa chini ya paa lile. Misuli inayoshika mufupa wa bega mugongoni ikichoka nayo, nafasi inazidi kuwa ndogo.

2. Kuongeza kazi kwa haraka. Mutu aliyepumzika mwezi muzima, anarudi na kutaka kufanya yote siku ya kwanza. Kano halikupata wakati wa kuzoea.

3. Mutindo mubaya. Kuingiza mukono majini kidole gumba kikitangulia, kuuvusha mbele ya kichwa mupaka upande mwingine, ao kupumua siku zote upande mumoja.

4. Bega lililolegea. Wengine wamezaliwa hivyo, na misuli yao inafanya kazi mara mbili.

Unaona? Hakuna mulozi aliyejificha ndani ya pisini.

NA SISI JE?

Muchimbaji anayepiga nyundo juu ya kichwa chake kutwa nzima, mupiga rangi mwenye kuinua burosi kwenye plafo, mama anayeinua muchi wa kinu: mikono yao inapanda na kushuka kama ile ya muogeleaji. Kijana anayebeba mufuko wa kilo 50 anachosha misuli ileile inayoshika bega. Kazi ni mbalimbali, kiungo ni kimoja.

Soma Kutoka mulango wa 17. Hata mikono ya Musa, mutumishi wa Mungu, ilichoka kwa kuinuliwa. Aruni na Huri hawakumuita muvivu, wala hawakutafuta mulozi. Walimuketisha, wakamusaidia kubeba mikono yake. Je, nyumbani mwako uko nani: Aruni, ao mushitaki?

TUFANYE NINI?

Usiache kutumia mukono kabisa, kwa sababu bega lisilotikiswa linaweza kukauka. Punguza kwanza kazi ya kuinua mikono juu ya kichwa. Weka kitambaa cha maji ya baridi kwa dakika 15. Maumivu yakipungua, chukua kipande cha mupira wa ndani wa baiskeli, ukifunge kwenye mulango. Bana kiwiko kwenye mbavu, vuta polepole kwenda inje, mara 10 ao 15. Kisha rudi kazini kidogo kidogo.

Usimeze vidonge vya maumivu kila asubuhi ili upate kubeba tena. Vingine vinaumiza tumbo na figo, na bega linazidi kuharibika bila wewe kusikia. Chale za wembe nazo zinaweza kuingiza ugonjwa katika damu.

Kimbia lopitali kama umeanguka na mukono haupandi tena, kama bega limevimba na una homa, kama vidole vinakufa ganzi, ao kama maumivu ya usiku hayaishi. Na bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubanwa na jasho la baridi, usingoje asubuhi: inaweza kuwa moyo.

Enyi wazazi, mifupa ya mutoto ingali inakua. Mufuko wa mawe si wa mabega yake. Ninyi vijana, mwenzenu akisema "bega linauma", mupokeeni muzigo pasipo kumucheka. Na wewe uliyeanza kumutazama bibi kwa jicho baya, umupelekee mugonjwa wako kwa munganga kwanza. Kisha rudi, umusalimie bibi yako kwa heshima. Yeye hakukuinulia mufuko hata mumoja.