Umri wa Jua na Siri ya Kuni Zake

Mwaka 1862 William Thomson, mwanachuoni wa Glasgow aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alichapisha makala juu ya umri wa joto la jua, na humo akatoa hukumu iliyowataabisha wataalamu wa miamba na viumbe kwa miaka mingi: ya kwamba yamkini jua halijaiangazia dunia kwa miaka inayotimu milioni 100, na kwamba kutimu milioni 500 ni karibu na muhali. Charles Darwin, aliyekuwa amekisia kwamba mmomonyoko wa Weald tu, kusini mwa Uingereza, ulichukua miaka milioni 300, aliihesabu rai hiyo miongoni mwa taabu zake kubwa.

Hata hivyo hesabu yenyewe ilikuwa madhubuti. Lau jua lingalikuwa bonge la makaa ya mawe, lingaliteketea lote katika miaka elfu chache. Basi Kelvin, akimfuata Helmholtz wa Ujerumani, alishika kwamba jua hunywea kwa uzito wake lenyewe, na katika kunywea hutoa joto. Kwa elimu ya zama zile hapakuwa na kuni bora kuliko hizo. Na kwa insafu yake, jambo ninalolistahi sana, alitia sharti mwishoni: ila ikiwa katika ghala ya uumbaji zimo asili za joto ambazo bado hatuzijui.

Zilikuwamo. Mwaka 1920 mwanakemia Aston, alipopima uzito wa atomu huko Cambridge, alidhihirisha kwamba atomu nne za haidrojeni huzidi kidogo uzito wa atomu moja ya heliamu. Na mwaka ule ule mwanafalaki Eddington alihutubu huko Cardiff kwamba upungufu huo, usiofika hata sehemu moja katika mia, ndio ugeukao nuru pindi haidrojeni inapoungana kuwa heliamu ndani ya jua. Kila sekunde jua hupoteza hivyo kiasi cha tani milioni 4, na hata ikiungua sehemu ya kumi tu ya uzito wake, litadumu miaka kama milioni 10,000.

Kuni, lakini, hutueleza muda wa uhai wote, wala si kiasi kilichokwisha kupita. Hicho kilipatikana kwenye vimondo, vilivyozaliwa pamoja na jua, ambavyo madini ya risasi yaliyomo ndani yake yalimpa mwanakemia Clair Patterson, mwaka 1956, umri wa miaka milioni 4,550. Na mitikisiko ya uso wa jua, ifichuayo heliamu iliyojilimbikiza kiinini, imetoa hesabu inayoafikiana na hiyo.