Sekunde 90 za fundi

Alilegeza nati ya betri, akachomoa waya wa hasi, akauzungushia kitambaa, kisha akakaa. Hakushika spana wala bisibisi. Alikalia ringi iliyolala chini ya mkorosho, macho kwenye simu, nami niliyekuwa nangoja kuzibiwa pancha nikadhani anafuatilia matokeo ya timu ya Namungo. Kumbe alikuwa anahesabu. Zilipotimia sekunde 90 aliinuka, akaingia kwenye Corolla nyeupe na kuanza kufungua skrubu za nyuma ya usukani.

Huku Marambo, Nachingwea, nilikuja kuulizia bei ya korosho. Dakika ile moja na nusu ndiyo iliyoninasa gereji mpaka jua likazama.

Sekunde 90, alinieleza fundi, ni za kuacha umeme uliobaki kwenye boksi la eabegi uishe. Boksi hilo hutunza chaji kidogo kwa makusudi, ili gari likigonga na betri ikasagika, eabegi bado ifumuke. Mwenye haraka anaweza kuifumulia usoni mwake. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza hivyohivyo, ila yeye hajawahi kukiona kitabu. Aliambiwa na mzee aliyemfunza kazi Mtwara, na siku aliposahau alipigwa kofi. Kofi lile, anasema, ndilo cheti chake.

Mwenye Corolla alitaka kitu kidogo tu. Taa ya eabegi kwenye dashibodi haizimiki, na yeye amepata mteja wa gari. Kazi za namna hii fundi huletewa sana baada ya minada ya korosho, pesa inapoingia na magari yanapobadilisha wamiliki. Njia ya mkato inajulikana: unaunga rezista mahali pa eabegi, boksi linadanganyika kwamba kila kitu kipo, taa inazimika, biashara inafungwa.

Alipoung'oa mfuniko wa katikati ya usukani akaugeuza, aliniita nione. Nyuma ya kitambaa kilichokunjwa kuna kopo la chuma, la duara, bapa, mfano wa kopo la kiwi lakini nene na zito. Lebo yake ilikuwa imebanduka nusu. Fundi alilishika kwa mikono miwili, uso akiukwepesha pembeni, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Ndani ya kopo mna vidonge vinavyowaka. Umeme ukipita, gesi inaujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Katika makopo ya kampuni ya Takata ya Japani, vidonge hivyo vilitengenezwa kwa nitrati ya amonia. Fundi, ambaye ana shamba lake la mahindi, akacheka: si ndiyo ile ya kwenye mbolea ya CAN? Ndiyo hiyo, ila kwenye CAN imechanganywa na chokaa. Na tabia yake kila mkulima anaijua. Acha mfuko wazi wakati wa mvua, utakuta imenyonya unyevu, imetota, imeshikana mabonge. Kwenye kopo lisilo na kikaushio mambo hayo huenda polepole, mwaka baada ya mwaka. Unyevu unapenya, joto la mchana linatanua, ubaridi wa usiku unabana, vidonge vinavimba na kupata vitundu. Kidonge chenye vitundu huungua upesi kupita kiasi. Siku ya ajali gesi inalizidi kopo nguvu, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva shingoni.

Wamarekani walibaini kwamba hatari ni kubwa zaidi kwenye joto na unyevu, wakaanza kuita magari yabadilishwe makopo huko Florida na kwenye majimbo ya Ghuba ya Mexico. Fundi aliposikia hilo alitazama mabati ya gereji yake. Nachingwea na Ruangwa huchomwa na jua Oktoba na Novemba, kisha huloweshwa mpaka Aprili. Sisi, aliuliza, nani ametupanga kundi gani la hatari?

Mlangoni amebandika picha ya Dodge Charger, imekatwa kwenye kalenda. Sifa zake anazo kichwani: SRT8 ya miaka ile ya 2006 hadi 2010, V8 ya lita 6.1, nguvu za farasi 425. Ile Corolla ni lita 1.5, farasi kama 110. Tembo na digidigi. Nikamsimulia kwamba Novemba 2022 kampuni ya Stellantis iliwataka wenye Charger, Challenger, Magnum na Chrysler 300 za 2005 hadi 2010, magari kama 276,000 ambayo hayakuwa yamerekebishwa, waache kabisa kuyaendesha mpaka wabadilishiwe bure kopo la Takata upande wa dereva. Kulishatokea vifo ndani ya Charger za 2010. Alinyamaza kidogo. Farasi wote wale, akasema, wamefungwa na kopo.

Duniani kote, makopo ya Takata yaliyoitwa yabadilishwe ni takriban milioni 100. Takata ilifilisika Juni 2017. Toyota peke yake, Mei 2015, iliita karibu magari milioni 5 ya 2003 hadi 2007, zikiwemo Corolla, Vitz, RAV4 na Hilux. Majina hayo hayahitaji kutambulishwa kwa mtu wa huku.

Tatizo ni barua. Barua ya wito humfuata mtu aliyesajiliwa, haipandi meli na gari. Gari likishafutwa usajili Japani na kushushwa Dar es Salaam, barua inabisha hodi kwa mtu aliyekwishalisahau. Na tangu Mei 2018 Japani inayanyima ukaguzi magari ya hatari zaidi ambayo hayajabadilishwa makopo. Yakinyimwa, huenda wapi?

Tulijaribu kuangalia kama ile Corolla imo kwenye wito. Fundi alisugua kibati cha chesisi kwa mate na dole gumba: NZE121, kistari, tarakimu saba. Ukurasa wa Toyota ulifunguka kwenye simu yangu, wote kwa Kijapani, tukautazama kama wito wa mahakama. Tukabahatisha pa kuingiza namba. Yakaja maandishi marefu zaidi, kisha mtandao ukakata.

Mwenye gari alipiga simu mara mbili kuuliza kama taa imezimika. Fundi alimjibu kwamba bado anaangalia. Kulirudisha kopo anaogopa. Akilitoa, mnunuzi ataendesha gari lisilo na eabegi bila kujua. Jipya hajui atalipata wapi, na la mtumba kutoka Dar ni la umri uleule.

Kabla sijaondoka alinionyesha rafu ya juu, chini kabisa ya mabati. Kuna eabegi tatu alizowahi kuzitoa, zimelazwa uso juu, kwa sababu yule mzee wa Mtwara alimwambia usiilaze kifudifudi. Miaka inapita, naye bado hajapata wa kumkabidhi.