Mwanga wa Simu na Kompyuta: Tuyatunze Macho Yetu

Simu na kompyuta zimeingia karibu kila nyumba na kila ofisi. Mwalimu hutunga mitihani kwa kompyuta, mwenye duka hupokea malipo kwa simu, na mwanafunzi husoma humo masomo yake. Faida ni nyingi. Lakini malalamiko nayo ni mengi: macho yanawasha, yanatoa machozi, maandishi yanaonekana mawili mawili, na jioni kichwa kinagonga. Wengine huingiwa na hofu kwamba wanapofuka. Wengine hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya matone bila kupimwa. Mwezi huu tutaeleza kwa nini macho huchoka, namna ya kurekebisha mwanga wa kioo, na kwa nini matone hayo yanaweza kuwa hatari kuliko simu yenyewe.

KWA NINI MACHO HUCHOKA?

Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni kusahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa kope mara 15 hivi kwa dakika. Kila anapopepesa, machozi hutandazwa upya juu ya jicho na kulilainisha. Anapokazia macho kioo cha simu au kompyuta, hupepesa mara chache zaidi, pengine nusu tu ya kawaida. Jicho hukauka, huwasha na kuwa jekundu. Feni inayopuliza usoni huzidisha ukavu huo.

Ya pili ni kazi ya misuli. Ndani ya jicho mna msuli mdogo unaobadilisha umbo la lenzi ili tuone karibu. Ukitazama simu kwa saa mbili mfululizo, msuli huo haupumziki. Ni kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja bila kuitua.

Ya tatu ni tofauti ya mwanga. Mboni ya jicho hutanuka gizani na kusinyaa penye mwanga. Ukiwa gizani na simu inang'aa kama taa, jicho linapata shida kati ya giza la chumba na ukali wa kioo. Vivyo hivyo, ukiwa juani na kioo kimefifia, unakunja uso na kukaza macho ili usome.

JE, MWANGA HUO UNAPOFUSHA?

Hapana. Hakuna ushahidi kwamba mwanga wa kawaida wa simu au kompyuta unaharibu jicho. Mwanga wa nje wakati wa mchana ni mkali kuliko wa simu mara nyingi sana. Uchovu tulioutaja husumbua, lakini huondoka mtu akipumzika.

Je, miwani inayouzwa kwa madai ya kuzuia mwanga wa buluu inasaidia? Mwaka 2023 wataalamu wa shirika la Cochrane walichambua majaribio 17 kuhusu miwani hiyo. Waliona kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Usijinyime chakula ili uinunue.

NAMNA YA KUREKEBISHA MWANGA

1. Mwanga wa kioo ulingane na mwanga wa mahali ulipo. Chukua karatasi nyeupe, iweke kando ya kioo chenye ukurasa mweupe. Kioo kikionekana kama taa kando ya karatasi, punguza mwanga. Kikionekana kama kijivu, ongeza. Simu nyingi zinaweza kujirekebisha zenyewe. Tafuta sehemu ya mwangaza katika mipangilio ya simu yako.

2. Usitazame kioo gizani. Washa taa, hata ndogo.

3. Usiweke kompyuta mbele ya dirisha, wala usilipe dirisha mgongo. Dirisha liwe ubavuni.

4. Kuza maandishi. Wengi huongeza mwanga wakati shida yao ni herufi ndogo.

5. Kompyuta iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na kioo kiwe chini kidogo ya usawa wa macho. Simu isiwe karibu zaidi ya sentimita 30.

6. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mti wa uani unatosha. Pepesa macho mara kadhaa.

7. Weka simu kando saa moja kabla ya kulala. Mwanga mkali usiku huweza kuchelewesha usingizi.

HATARI YA MATONE

Hapa tunaomba usikivu wako. Baadhi ya matone ya macho yana dawa aina ya steroidi. Soma chupa: ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Matone haya huondoa wekundu haraka, na mtu hufurahi. Wekundu ukirudi, hununua chupa nyingine, kisha nyingine.

Kwa baadhi ya watu, dawa hii ikitumika kwa wiki kadhaa hupandisha presha ya ndani ya jicho. Presha hiyo huua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo huitwa glakoma. Mara nyingi hauumi, na mgonjwa hugundua akiwa amekwisha kupoteza sehemu ya uoni. Kilichopotea hakirudi. Dawa hiyo pia huweza kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo itumie tu kwa maagizo ya daktari, na usimpe jirani chupa yako. Usitie jichoni maji ya majani wala maziwa.

WATOTO WETU

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya televisheni wala simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Mtoto anayetazama vitu vya karibu muda mrefu, asitoke nje, yumo katika hatari zaidi ya kutoona mbali. Mwache acheze nje mchana, saa 2 kwa siku ikiwezekana.

WAKATI WA KUMWONA MTAALAMU

Nenda ukapimwe macho ikiwa uchovu hauishi hata baada ya kupumzika, ikiwa umefika miaka 40 na unasogeza simu mbali ili usome (huenda unahitaji miwani tu), au ikiwa katika ukoo wenu kuna glakoma. Nenda siku hiyo hiyo ikiwa jicho linauma sana, uoni umepungua ghafla, au unaona mwanga ukimetameta kama radi.

Ndugu msomaji, kupunguza mwanga wa simu hakugharimu hata senti moja. Anza leo jioni, kisha mwoneshe na mzee wa nyumbani namna ya kukuza maandishi. Kinga ni bora kuliko tiba.