Je, Wajua? Tunda inafuata saa ya Lubumbashi

Programu ndogo iitwayo date, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri tu, haiijui Tunda wala Kindu, mkoani Maniema. Katika orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta, mashariki yote ya Kongo ina jina moja: Africa/Lubumbashi. Kwa hiyo mtu wa Maniema huandika TZ=Africa/Lubumbashi date, na saa anayopewa huitangulia ya Kinshasa kwa saa moja.

Siku za zamani nazo haziisumbui programu hiyo. Kwenye Linux andika date -d 1960-06-30 +%A, kuuliza jina la siku ya uhuru wa Kongo. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za huko, itajibu jeudi, yaani Alhamisi. Weka %s badala ya %A, utapata sekunde hasi, maana hesabu yake huanzia tarehe 1 Januari 1970.